Usione vyaelea: safari ya Aaron Donald kutoka shule ya upili hadi ligi ya NFL

Wahenga wetu walisema usione vyaelea, vimeundwa. Msemo huu ulizaliwa na watu wa majahazi, lakini leo nataka kuutumia kumweleza mtu ambaye pengine hajawahi kuona jahazi likishushwa majini. Jina lake ni Aaron Donald, Mmarekani wa mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Kwa miaka 10 alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega yaliyotunishwa kwa vikinga, na wengi wanaoujua mchezo huo wanamhesabu miongoni mwa walinzi bora waliopata kutokea.

Huenda msomaji akauliza, sisi wa Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu na mchezo huo tuna mashauri gani? Jibu ni kwamba vijana wetu siku hizi wanaona kila kitu kwenye simu. Kijana mwenye mwili mkubwa na mbio akiona mchezaji ametia saini mkataba wa dola milioni 100, anajiuliza kwa nini asiwe yeye. Mzazi naye akitajiwa skolashipu ya Marekani, moyo unamwenda mbio. Ni vyema basi tuijue njia yenyewe ilivyo, hatua kwa hatua, kabla mtu hajatoa hata shilingi moja.

Mlinzi wa mstari ni nani?

Tuanze na mchezo wenyewe. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kusonga mbele yadi 10, yaani kama mita 9. Ikifaulu, inapewa nafasi nyingine 4. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kiongozi wa mashambulizi anaitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira na kuamua aurushe, aukabidhi kwa mwenziwe au akimbie nao.

Mbele ya kwotabeki huyo kuna ukuta wa majabali 5, kila mmoja akiwa na uzito wa kilo 130 na zaidi. Kazi yao ni kumlinda. Sasa mlinzi wa mstari, ambaye ndiye tunayemzungumzia, ni mtu wa upande wa pili. Anainama mkono ukigusa nyasi, uso kwa uso na ukuta ule, na mpira ukitikisika tu anapaswa kuuvunja. Akimfikia kwotabeki na kumwangusha kabla hajarusha mpira, basi hilo linahesabiwa kwa jina lake na kuandikwa katika rekodi.

Walinzi wa mstari wako wa aina mbili. Wa pembeni huwa warefu na wepesi, wanazunguka ukuta kwa mbio. Wa kati ni wazito, wanapita katikati palipobanana, na mara nyingi hukabiliwa na watu wawili kwa pamoja. Kazi ya kati haina sifa nyingi, kwa kuwa mtu anaweza kusukumana mchana kutwa na jina lake lisitajwe. Aaron Donald alikuwa mtu wa kati.

Saa 10 na nusu alfajiri

Donald alizaliwa Mei 23, 1991. Pittsburgh ni mji uliojengwa kwa chuma, na viwanda vyake vingi vilikuwa vimefungwa katika miaka ya 1980, kabla yeye hajazaliwa. Ni mji wa watu wa kazi za mikono na wapenzi wakubwa wa mpira huu.

Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba utotoni alikuwa mvivu, na mnene pia. Baba yake, Archie Donald, alikuwa na vyuma vya mazoezi katika chumba cha chini ya nyumba yao. Aaron alipofika umri wa miaka 12 hivi, baba alianza kumwamsha saa 10 na nusu alfajiri washuke pamoja wakanyanyue vyuma kabla ya shule. Kwetu sisi saa hiyo anayeamka ni wa daku, au mzee anayetangulia msikitini kabla ya adhana. Lakini kwa nyumba ile ikawa ndiyo ada, siku baada ya siku, miaka yote ya shule ya upili.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Baba hakuwa na wakala wala kocha wa kulipwa, na hakumpeleka mwanawe chuo maalumu cha michezo. Alikuwa na chumba, vyuma, saa ya kengele, na yeye mwenyewe alikuwa akiamka. Mtoto haamshwi saa 10 na nusu na mzazi aliyelala.

Nyota 3 tu

Shule yake ya upili ilikuwa Penn Hills, nje kidogo ya Pittsburgh. Huko Marekani mpira wa shule za upili ni jambo kubwa. Wanafunzi takriban milioni 1 huucheza, na kuna kampuni ambazo kazi yake ni kuwatazama vijana hao na kuwapa nyota, kuanzia 1 hadi 5. Mwenye nyota 5 hufuatwa na vyuo vya nchi nzima. Makocha wa vyuo husafiri kumtembelea nyumbani, wakaketi na wazazi na kuzungumza kama wapeleka posa.

Kwa Donald hali haikuwa hivyo. Mtandao wa Rivals ulimpa nyota 3. Tatizo lilikuwa urefu. Makocha walitaka mlinzi wa kati awe mrefu na mzito kupita yeye. Vyuo vilivyomtaka vilikuwa vichache: Pittsburgh, Rutgers, Akron na Toledo. Kaka yake mkubwa alikuwa amecheza Toledo. Yeye akachagua Chuo Kikuu cha Pittsburgh, pale pale mjini kwao.

Hapa nataka msomaji aelewe utaratibu wa skolashipu, maana ndipo watu wengi wanapodanganywa. Michezo ya vyuo vingi inasimamiwa na chama kiitwacho NCAA, nacho kimegawa vyuo katika daraja 3. Kwa miaka mingi, vyuo vya ngazi ya juu kabisa katika daraja la kwanza viliruhusiwa kufadhili wachezaji 85 wa mpira huu kwa wakati mmoja. Daraja la pili hutoa ufadhili mdogo, mara nyingi wa kugawana. Daraja la tatu halitoi skolashipu yoyote ya michezo. Kwa hiyo mtu akikuambia amekupatia nafasi ya michezo chuo fulani Marekani, swali la kwanza ni: chuo hicho kiko daraja gani?

Swali la pili ni la masomo. Daraja la kwanza linamtaka mwanafunzi awe amemaliza kozi 16 za msingi katika shule ya upili, zikiwemo Kiingereza, hesabu na sayansi, tena kwa alama zisizopungua wastani uliowekwa. Mwili peke yake hautoshi. Wako vijana wengi wa Marekani kwenyewe walioachwa nje ya mlango kwa sababu ya alama, na mbio zao hazikuwasaidia.

Makocha 3, mchezaji yule yule

Donald aliingia chuoni 2010. Mwaka wa kwanza alicheza mechi zote 13, lakini kama mtu wa akiba. Aliyemleta, kocha Dave Wannstedt, aliondoka mwisho wa msimu huo. Mwaka 2011 akaja Todd Graham, naye akakaa msimu mmoja tu kabla ya kuhamia Arizona State. Mwaka 2012 akaja Paul Chryst. Kijana wa miaka 21 alikuwa ameshafundishwa na makocha wakuu 3, kila mmoja na mbinu zake.

Hili huwavunja moyo wengi. Kocha aliyekupenda akiondoka, anayekuja anaweza kuwa na watu wake. Lakini Donald akawa anapanda tu. Mwaka 2011, katika msimu wake wa kwanza wa kuanza mechi, aliwaangusha makwotabeki mara 11. Msimu wa mwisho, 2013, akawa moto wa kuotea mbali. Aliwakamata wapinzani nyuma ya mstari wao mara 28.5 (nusu huhesabiwa walinzi wawili wanapomwangusha mtu kwa pamoja), idadi kubwa kuliko ya mchezaji yeyote wa ngazi ile nchi nzima. Akazoa tuzo 4 kubwa za walinzi na watu wa mstari: Outland, Lombardi, Bednarik na Nagurski.

Na timu yake je? Ilimaliza mwaka huo na ushindi 7 na vipigo 6. Yaani hakubebwa na timu kubwa. Chanda chema huvikwa pete, lakini yeye alilazimika kwanza kuonyesha ni chanda chema katika mkono ambao haukuwa ukitazamwa sana.

Mizani ya Indianapolis

Kutoka chuoni hadi NFL kuna lango moja kuu, nalo ni drafti. Mchezaji haruhusiwi kuingia mpaka ipite miaka 3 tangu darasa lake la shule ya upili limalize. Timu 32 huketi zikachagua kwa zamu, raundi 7, timu dhaifu zikitangulia. Mwaka 2014 walichaguliwa wachezaji 256 kwa jumla.

Kabla ya drafti, wachezaji wapatao 300 hualikwa Indianapolis kupimwa. Hupimwa urefu, uzito, mbio, kuruka, nguvu za mikono, na madaktari huwakagua viungo kimoja kimoja. Baadhi ya watu wameufananisha zoezi hilo na mnada wa mifugo, na ukilitazama, huwezi kuwalaumu sana.

Donald alisimama pale akiwa na sentimita 185 na kilo 129. Kwa macho yetu hilo ni jitu. Kwa macho ya NFL, mlinzi wa kati wa kimo hicho ni mfupi na mwepesi. Kisha akakimbia yadi 40, karibu mita 37, kwa sekunde 4.68. Mtu wa kilo 129! Akanyanyua chuma cha kilo 102 mara 35 mfululizo. Mizani ilisema mdogo, saa ikasema vingine.

Hata hivyo, wachezaji 12 walichaguliwa mbele yake. Timu ya Rams, wakati huo ikiwa St. Louis, ilimchukua wa 13. Rams hao hao walikuwa tayari wametumia nafasi yao ya pili kwa mchezaji mwingine wa mstari wa mashambulizi. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, lakini wakubwa wa ligi walikuwa bado wanapima pua.

Mtaka cha mvunguni

Siri ya Donald ilikuwa nini? Wajuzi wa mchezo wanataja mambo matatu: kuinama, mikono na mwendo wa kwanza.

Katika mchezo wa kusukumana, anayekuwa chini ndiye mwenye nguvu. Ukimsukuma mtu kutoka chini ya kifua chake, miguu yake inapoteza ardhi. Mfupi mwenye miguu imara ana faida hiyo kwa maumbile. Kile makocha walichokiona kuwa kasoro, kikawa silaha. Waswahili walishasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa msemo huo ni ufundi halisi wa kazi.

Mikono nayo ilifunzwa. Mlinzi akishikwa kifuani amekwisha, kwa hiyo hana budi kuipangua mikono ya mpinzani kabla haijamgusa. Wakati mmoja ilisambaa video ya Donald akifanya mazoezi na mwalimu aliyeshika visu vya mazoezi, naye akivipangua kwa viganja. Watu wakashangaa. Lakini ilikuwa kazi ile ile ya chumba cha chini, imebadilika sura tu.

Msimu wake wa kwanza hakuanza katika mechi za mwanzo. Alipopewa nafasi hakuiachia. Alimaliza 2014 na maangusho 9 na tuzo ya mlinzi bora miongoni mwa wageni wa ligi. Tangu hapo, kila mwaka aliocheza, yote 10, alichaguliwa kwenye mechi ya nyota. Alikuwa mlinzi bora wa ligi nzima mara 3: 2017, 2018 na 2020. Waliofika tuzo 3 ni wawili wengine tu, Lawrence Taylor na J.J. Watt. Mwaka 2018 aliangusha makwotabeki mara 20.5, na alifanya hivyo akitokea katikati, huku mara kwa mara akikabwa na watu wawili.

Fedha na ukaidi

Sasa tuje kwenye jambo linalovuta macho ya wengi. Mkataba wa kwanza wa Donald ulikuwa wa miaka 4 wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 10. Tangu makubaliano ya 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, mishahara ya wageni imewekewa kipimo kulingana na nafasi waliyochaguliwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa bora wa ligi huku akilipwa kama mwanafunzi wa kazi.

Donald aliliona hilo. Mwaka 2017 hakwenda kambini, akidai mkataba mpya. Mwaka 2018 vile vile. Mwishoni mwa Agosti 2018 Rams, ambao walikuwa wamehamia Los Angeles tangu 2016, wakampa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 135, ambazo milioni 87 kati yake zilikuwa za uhakika.

Neno hilo, za uhakika, ndilo la kushika. Katika soka ya Ulaya, mchezaji mwenye mkataba wa miaka 4 kwa kawaida hulipwa miaka 4. Katika NFL timu inaweza kumwacha mchezaji katikati ya mkataba, na sehemu isiyo ya uhakika ikapotea. Ile tarakimu kubwa inayotangazwa kwenye habari si lazima iwe ndiyo itakayofika mfukoni. Na wengi hawafiki hata huko, maana chama cha wachezaji kimekuwa kikisema kwa miaka mingi kwamba maisha ya kawaida ya mchezaji ndani ya ligi ni miaka 3 na ushei.

Tusimpambe kupita kiasi pia. Agosti 2022, katika mazoezi ya pamoja na timu ya Cincinnati Bengals, palitokea vurugu na Donald akaonekana kwenye video akizungusha kofia za wapinzani mikononi kama silaha. Ligi haikumwadhibu kwa kuwa nidhamu ya mazoezi iliachiwa timu. Wengi waliona hilo ni doa, na lilikuwa doa.

Usiku wa pete

Miezi michache kabla ya hapo, Februari 13, 2022, Rams na Bengals hao hao walikutana katika fainali ya Super Bowl, kwenye uwanja wa SoFi, Inglewood. Rams walikuwa mbele 23 kwa 20. Ilibaki chini ya dakika moja na Bengals walikuwa katika jaribio lao la mwisho wakihitaji yadi moja tu. Donald akapenya, akamkamata kwotabeki Joe Burrow na kumzungusha, mpira ukatoka ovyo na kuanguka chini. Mchezo ukaisha. Donald akavua kofia na kunyoosha kidole chake cha pete, kwa maana bingwa wa ligi hiyo huvishwa pete.

Miaka 3 nyuma, Februari 2019, alikuwa ameshindwa fainali kama hiyo na New England Patriots, 13 kwa 3.

Machi 2024, akiwa na umri wa miaka 32 na bado akiwa na uwezo, alitangaza kustaafu. Mechi 154, maangusho 111. Kabla ya hapo, mwaka 2019, alikuwa amekipa chuo chake cha Pittsburgh mchango wa zaidi ya dola milioni 1, na jengo la mazoezi ya mpira pale likapewa jina lake.

Hesabu ambayo hatuambiwi

Hadithi ya Donald ni ya kweli, lakini yeye ni mmoja. Tuwaangalie na wenziwe. Katika vijana takriban milioni 1 wanaocheza shule za upili, wanaofika kucheza katika vyuo vya NCAA ni kama 7 kwa kila 100. Na katika wanaomaliza vyuoni, wanaochaguliwa na NFL ni chini ya 2 kwa kila 100. Hao ni watoto wa Marekani kwenyewe, waliozaliwa ndani ya mchezo.

Je, Mwafrika hawezi? Anaweza, na wako waliofanya. Ezekiel Ansah alitoka Ghana kwenda chuo cha Brigham Young, Utah, bila kuwahi kuucheza mpira huu. Alijiunga na timu 2010 bila kualikwa, na 2013 akachaguliwa wa 5 katika drafti na Detroit Lions, naye ni mlinzi wa mstari. Osi Umenyiora, wa asili ya Nigeria, aliuanza mchezo akiwa shule ya upili Alabama na kushinda Super Bowl mara 2 na New York Giants. Nasi Kenya tuna Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, aliyetoka kwenye raga na kutia saini na Indianapolis Colts 2013. Alicheza mechi chache tu na kuachwa 2015.

Lakini zingatia: Ansah alikwenda Marekani kusoma, na mpira ukamkuta huko. Shahada ilikuwa ya uhakika, mpira ulikuwa bahati.

Kichwa ni kimoja

Lipo na suala la afya, na hili mzazi asilipite. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitoa matokeo ya uchunguzi wa bongo za wachezaji 111 wa zamani wa NFL waliokwisha fariki. Bongo 110 zilikutwa na CTE, maradhi yanayotokana na kichwa kugongwa mara kwa mara, ambayo huhusishwa na kupoteza kumbukumbu, hasira na huzuni nzito. Kwa haki, bongo hizo zilitolewa na familia ambazo nyingi zilikuwa zimeona dalili, kwa hiyo haimaanishi kila mchezaji anayo. Lakini ligi yenyewe iliingia katika suluhu ya mahakama iliyoidhinishwa 2015, na malipo kwa wachezaji wa zamani yamepita dola bilioni 1.

Mlinzi wa mstari hugongana karibu kila mpira unapochezwa. Tena kuna uzito. Utafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, uliotolewa 2012, ulionyesha kuwa wachezaji wa zamani kwa jumla huishi muda mrefu kuliko wanaume wa kawaida, ila walinzi wa mstari walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kwa maradhi ya moyo.

Kwa mzazi na kijana

Kwa hiyo akija mtu na karatasi, akasema mwanao amepata skolashipu ya michezo Marekani na kinachohitajika ni ada kidogo ya kushikilia nafasi, mwulize haya. Chuo gani, na daraja gani? Barua ya ufadhili imetoka kwa chuo chenyewe, na inagharamia nini: karo, chakula, malazi, matibabu? Akiumia goti mwaka wa kwanza, ufadhili unaendelea? Fomu ya I-20, ambayo bila hiyo hakuna viza ya mwanafunzi, itatolewa lini? Fomu hiyo hutolewa na chuo, haitolewi na wakala. Na usajili wa kukaguliwa ustahiki na NCAA hufanywa na mwanafunzi kwa jina lake mwenyewe kwenye mtandao. Ukiona majibu yanazunguka, funga mlango na ubaki na shilingi zako.

Kwa kijana nina neno moja. Chumba cha chini cha Archie Donald hakikumhakikishia mwanawe NFL. Saa zile za alfajiri zingeweza kuishia katika kazi ya kawaida Pittsburgh, na bado zisingepotea, kwa kuwa zilimtoa kwenye uvivu na kumpeleka shule kila siku. Vyuma unaweza kuvitengeneza kwa saruji na makopo, na ufuo wetu ni uwanja wa mbio usiolipiwa. Vitabu navyo viko. Anza na alfajiri ya kesho, na cheti chako cha shule kiwe safi, maana hicho ndicho kitakachoulizwa kwanza, uende Pittsburgh au ubaki Mombasa.